Tarehe ya Maziwa Yanayorudi

Mtoto mchanga akisha kunyonya akashiba, akainuliwa begani mwa mama na kupigwapigwa mgongo taratibu, mara hutoa mlio mdogo wa hewa, na pamoja na hewa hiyo hutoka kiasi cha kijiko kimoja au viwili cha maziwa, pengine mabichi kama yalivyoingia, pengine yaliyoganda vipande vyeupe vyenye harufu ya uchachu; hufutwa kwa upindo wa kanga, akafumba macho, akalala. Kucheua huku kumekuwako tangu wanadamu walipoanza kuzaa, na aghalabu hakuna dhara. Lakini tarehe ya yale ambayo matabibu na wazazi waliyatenda kwa ajili yake ni ndefu, na baadhi ya kurasa zake ni za huzuni, kwa sababu dawa na desturi zilizobuniwa ili kuyazuia maziwa yasirudi zilikuwa mara nyingi nzito kuliko jambo lenyewe.

Wahenga wa utabibu hawakughafilika nalo. Abu Bakr al-Razi, mzaliwa wa mji wa Rayy katika Uajemi, alitunga risala mahususi juu ya maradhi ya watoto, iliyoenea Ulaya kwa tafsiri ya Kilatini, na miongoni mwa milango yake umo wa kutapika. Ibn Sina naye, katika al-Qanun, aliyasifu maziwa ya mama kuliko chakula chochote kingine cha mtoto, akausia kwamba kunyonyeshwa kidogo kidogo mara nyingi ni bora kuliko kushibishwa mno kwa mara moja, kwa kuwa shibe iliyopita kadiri huleta uvimbe wa tumbo na riahi. Wasia huo una umri wa karibu miaka elfu moja, na ndio unaotolewa hata leo katika kliniki za watoto. Nami sioni aibu kusema kwamba, katika mambo mengi yaliyokuja baadaye, machache yalizidi wasia ule kwa manufaa.

Sababu ya kucheua si ngumu kufahamika. Kati ya koo na mfuko wa chakula pana mrija uitwao umio, ambao kwa mtoto aliyezaliwa karibuni urefu wake ni kama sentimita 10 tu, na mwishoni mwake pana msuli wa mviringo ambao kazi yake ni kujifunga baada ya chakula kupita. Msuli huo hulegea mara kwa mara bila ya mtoto kumeza kitu. Na kwa kuwa chakula chake chote ni cha majimaji, na saa nyingi za siku yumo kitandani amenyoshwa, na kila baada ya saa mbili tatu mfuko ule mdogo hujazwa upya, maziwa hupata njia ya kurudi yalikotoka. Miezi ikipita umio hurefuka, mtoto hujifunza kuketi, vyakula vizito huanza kuingia, na mambo hutulia yenyewe.

Kabla ya maelezo hayo kujulikana, kila mtoto aliyecheua na kulia alidhaniwa kuwa ana msokoto wa tumbo, na soko la dawa za msokoto halikuwa na mwisho. Maarufu kuliko zote ilitoka katika mji wa Nottingham, Uingereza, ambako mwaka 1851 muuza dawa William Woodward alichanganya maji, sukari, magadi soda, mafuta ya shibiti na pombe, akifuata dawa waliyopewa watoto wa mabwawani mashariki ya Uingereza walioshikwa na homa. Chupa ya Gripe Water ilisafiri na dola ya Waingereza hata Bara Hindi na Afrika Mashariki, ikapata makao katika maduka ya dawa na katika vyumba vya wazazi, nyanya akampa bintiye, na bintiye naye akampa mjukuu. Mchanganyiko wa asili ulikuwa na pombe kwa asilimia 3.6, na haukuondolewa pombe hiyo huko Uingereza mpaka miaka ya 1990. Naamini kwamba usingizi uliowapata watoto wengi baada ya kijiko kile, na ambao wazazi waliuhesabu kuwa ni ushahidi wa tumbo kupoa, ulikuwa na sababu nyingine iliyo karibu zaidi.

Hata hivyo, si kila mtoto aliyerudisha maziwa alikuwa salama, na heshima kubwa ya utabibu katika habari hii ni kule kupambanua kati ya mwenye kucheua na mwenye maradhi. Mwaka 1888 daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen alichapisha habari za watoto wawili wachanga waliokufa kwa kutapika, ambao mlango wa kutokea mfuko wa chakula ulikuwa umezibwa na msuli ulionenepa kupita kiasi. Mtoto mwenye maradhi hayo huanza vizuri. Kisha, aghalabu kati ya juma la tatu na la sita, maziwa huanza kuruka kwa nguvu yakaanguka mbali naye, na mara tu baada ya kutapika hutaka kunyonya tena kwa uchu, huku mwili ukikauka na mbavu zikionekana. Vidole vya tabibu mwenye saburi huweza kukuta juu ya tumbo uvimbe mdogo mgumu, ulio sawa na tunda la zeituni. Watoto wengi wa namna hiyo walikufa, hata Conrad Ramstedt wa Münster, Ujerumani, alipotangaza mwaka 1912 njia ya kuupasua msuli ule kwa urefu wake na kuuacha wazi bila ya kuushona, ngozi ya ndani ikibaki nzima. Upasuaji huo ndio unaofanywa hata sasa, na mtoto aliyekuwa ukingoni mwa kaburi hurudi nyumbani baada ya siku chache.

Ushindi huo uliwatia matabibu hamu ya kutafuta maradhi hata mahali ambapo hapakuwa na maradhi. Mwaka 1950 William Berenberg na Edward Neuhauser wa Boston, waliotazama kwa eksirei jinsi maziwa yanavyopanda kutoka mfuko wa chakula hata kooni, walieleza kulegea kwa msuli wa umio kuwa ni chanzo cha kutapika kwa watoto wachanga, na tiba waliyoipendekeza ilikuwa kumweka mtoto wima. Wazo lilikuwa la busara, lakini likazaa kiti: mtoto alifungwa kwa mikanda katika kiti cha kuegemea, akakaa humo usiku na mchana kwa majuma, hata miezi. Miaka zaidi ya 30 ilipita kabla ya kiti hicho kuulizwa hoja yake. Mwaka 1983 Susan Orenstein na wenzake, Marekani, walipima uchachu ndani ya umio wa watoto walioketishwa katika kiti chenye mwinuko wa nyuzi 60, wakaona kwamba maziwa yalirudi zaidi kitini kuliko mtoto alipolala kifudifudi, kwa kuwa mtoto asiyeweza kujishika huporomoka, kiuno kikapinda, na tumbo likabanwa.

Kulala kifudifudi, basi, kulipata hoja mpya ya kukutetea, na hapa ndipo penye ukurasa mzito kuliko zote. Benjamin Spock, daktari wa Marekani ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni ya wazazi tangu mwaka 1946, katika chapa ya mwaka 1958 aliwanasihi wazazi wamlaze mtoto kifudifudi, na moja ya sababu zake ilikuwa khofu kwamba mtoto aliyelala chali akitapika huenda akapaliwa na matapishi yake. Khofu hiyo inaeleweka na kila mzazi aliyeamka usiku kwa sauti ya kikohozi cha mtoto. Lakini maumbile yako kinyume chake. Mtoto akilala chali, njia ya pumzi huwa juu na umio huwa chini yake, na maziwa yanayorudi hubaki chini, yakamezwa tena au yakatoka mdomoni. Akilala kifudifudi, umio ndio huwa juu, na kinachopanda kina njia nyepesi ya kuteremka katika pumzi.

Wauguzi wa hospitali walilaza hivyo, mama wakaiga, na katika nchi za Ulaya, Marekani na Australia watoto waliolala wazima wakakutwa maiti asubuhi kwa idadi iliyowashangaza watu. Susan Beal wa Adelaide, Australia, alizitembelea nyumba za wafiwa moja baada ya moja akauliza mtoto alilazwaje na alikutwaje. Na huko Bristol, Uingereza, Peter Fleming na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba hatari ya mauti ya ghafula kwa mtoto aliyelazwa kifudifudi ilikuwa karibu mara 9 ya aliyelazwa namna nyingine. Mwishoni mwa 1991 serikali ya Uingereza ilitangaza wazazi wawalaze watoto chali, baada ya mtangazaji wa televisheni Anne Diamond, aliyefiwa na mwanawe mwaka huo huo, kulisimamia jambo hilo mbele ya umma. Na vifo vile vikapungua kwa zaidi ya nusu katika muda mfupi. Wala vifo vya kupaliwa havikuongezeka. Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake walizikusanya habari zote za nyuma, wakahitimisha kwamba lau ushahidi uliokwisha patikana mwaka 1970 ungalipimwa kwa pamoja, zaidi ya watoto 10,000 wa Uingereza, na wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani na Australasia, huenda wangaliokolewa. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara hunijia wale mama waliotii ushauri kwa mapenzi, kisha wakaishi wakijilaumu kwa taksiri isiyokuwa yao.

Dawa za duka zilikuwa na hadithi fupi zaidi. Cisapride, iliyotolewa ili kuharakisha mfuko wa chakula kumwaga kilichomo, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa za kupunguza uchachu nazo zilipewa watoto wengi mno, hata jaribio la mwaka 2009 kwa watoto 162 lilipoonyesha kwamba waliopewa lansoprazole na waliopewa dawa bandia walipata nafuu sawasawa, asilimia 54 kila upande.

Kwa hiyo yakini tuliyo nayo leo imerudi karibu na kitanda cha mzazi. Uchunguzi uliofanywa karibu na Chicago ukatangazwa mwaka 1997 ulikuta kwamba nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu hucheua angalau mara moja kwa siku, kwamba katika mwezi wa nne hufika asilimia 67, na kwamba wakikaribia mwaka hubaki asilimia 5 tu. Mtoto anayecheua ilhali ananyonya kwa furaha, anakojoa vizuri na uzito wake unapanda katika kadi ya kliniki, hahitaji dawa: mama asimwachishe ziwa, bali amnyonyeshe kidogo kidogo, ahakikishe amelishika titi vizuri, ambeulishe katikati na mwishoni, amshike wima kwa muda baada ya kula, asimfunge nepi kwa kumbana tumbo, wala moshi wa sigara usiingie chumbani, na usiku amlaze chali mahali palipo tambarare.

Mwenye maziwa yanayoruka kwa nguvu, asiyeongezeka uzito, anayekataa ziwa au kujikunja kwa uchungu kila anyonyapo, mwenye homa, au aliyevimba tumbo au utosi, huyo ana haja ya tabibu siku hiyo hiyo. Na akitapika damu, au kitu cha rangi ya kijani, ambayo ni nyongo na huenda ikawa ni dalili ya utumbo uliojisokota, asingojewe kukuche. Apelekwe hospitali yenye mpasuaji usiku ule ule.