Keja Moja, Staili Tatu: Jinsi ya Kuchanganya Fanicha za Chumba cha Kulala

Wengi wetu tunahamia keja na vitu vya kila aina: kitanda cha fundi wa Ngong Road, kabati ya kurithi kwa cuzo, stuli ya chuma kutoka Gikomba. Hiyo mchanganyiko si noma, bora ujue boss ni nani.

Boss ni kitanda. Kabla hujatoa deposit, chukua tepu kwanza. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi 100 za mraba. Sita kwa sita inakula 36, na hapo fremu hujahesabu. Tano kwa sita inakula 30. Na msee, kama unalala solo, hiyo sita kwa sita ni ya nani? Ambia fundi aunganishe fremu na bolti, siyo gundi na misumari pekee, ndio siku ya kuhama ifunguliwe na ipite kwa ngazi.

Sasa staili. Ukibahatika kupata samadari ya Lamu, usiongeze kitu ingine ya nakshi. Pembeni weka meza ya chuma, simpo tu, ilingane urefu na godoro ndio ufikie simu bila kuinuka. Rangi za mbao zikigombana, usikimbilie kununua ingine. Piga msasa, paka vanishi moja. Kabati ikikataa kabisa kufanana, tafuta kioo chenye fremu ya rangi yake, ukiweke upande wa pili. Nguo chafu? Tupa kwa kiondo cha mkonge.

Na hiyo kabati isikae nyuma ya mlango.