Ng'ombe Wengi, Malisho Machache: Funzo la Machakos, 1938

Ndugu mfugaji, kila kiangazi kikikaribia naulizwa: "Bwana mifugo, sheria inaruhusu nifuge ng'ombe wangapi?" Leo nitajibu kwa kisa cha jirani zetu wa Ukambani, Kenya. Huko swali hilo liliwahi kujibiwa kwa nguvu, na jibu likashindwa.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona ardhi ya Machakos imebaki wazi na udongo unachukuliwa na mvua. Ikasema Wakamba wamelimbikiza ng'ombe kupita kiasi. Ni kweli malisho yalikuwa yamechoka. Lakini vilima vya Mua walikuwa wamepewa walowezi, na Yatta imefanywa ardhi ya serikali. Ng'ombe walibanana kwa sababu nafasi ilipunguzwa.

Mwaka 1938 ikaamriwa mifugo ipunguzwe kwa lazima. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinawangoja. Kwa Mkamba, ng'ombe ni mahari, akiba na kinga ya njaa. Julai mwaka huo maelfu, wake kwa waume, walikwenda Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliachana na lazima hiyo.

Sheria zilizokuja baadaye zilianza kumtazama mnyama mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya 2008, inamdai mwenye mnyama amtunze. Hata jimbo la Illinois, Marekani, lilipoeleza kisheria mwaka 2001 maana ya mtu anayerundika mbwa na paka, halikuweka idadi. Liliangalia kama wanyama ni wengi, wamebanana, hawatunzwi, na mwenyewe haoni au hajali madhara.

Basi jibu langu ni hili. Kwanza uliza ofisi ya kijiji kama kuna sheria ndogo ya malisho. Kisha, mvua zikiisha, pima majani, mabua na maji uliyonayo kabla ya kuhesabu ng'ombe. Wasiotosheka, kama madume ya ziada na majike yasiyozaa, peleka mnadani wakiwa bado na nyama. Nawe mfanyabiashara, nunua wakati huo. Ng'ombe aliyekonda hufia njiani ukala hasara.

Wakamba walikuwa na haki ya kukataa kunyang'anywa. Lakini ukame haupokei maandamano. Usipouza mwenyewe mapema, utabaki kuuza ngozi.