Sukari na vitamu bandia: athari zake tumboni na katika damu

Anayepanda kilima cha Rebero, wilayani Kicukiro mjini Kigali, kisha akakata kiu kwa soda ya mililita 300, huenda akanywa takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba vya chai. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima ni gramu 50 hivi. Chini ya 25 ni bora zaidi.

Sukari ya kawaida huvunjwa katika utumbo mwembamba ikawa glukosi na fruktosi. Glukosi huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini ili seli ziipokee. Fruktosi huchakatwa zaidi na ini. Ikizidi, hugeuzwa kuwa mafuta. Mazoea hayo yakidumu, uzito huongezeka na hatari ya kisukari cha aina ya pili hukua.

Vitamu bandia, kama vile aspartame, sucralose na saccharin, havipandishi sukari ya damu moja kwa moja. Hata hivyo, utafiti wa watu wazima 120 nchini Israeli, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa saccharin na sucralose ziliathiri bakteria wa utumbo na namna mwili unavyodhibiti glukosi, ingawa si kwa kila mtu kwa kiwango kimoja.

Mwezi Mei 2023, WHO ilishauri vitamu hivyo visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao wafuate maelekezo ya daktari, wala wasiache dawa.

Bakteria wa utumbo hustawi kwa nyuzinyuzi za maharage, mboga na matunda mazima. Ndiyo maana tunda zima ni bora kuliko maji yake yaliyochujwa.

Kisukari kinaweza kukaa muda mrefu bila dalili. Katika siku za kutotumia magari mjini Kigali, zilizoanza mwaka 2016, wakazi hupimwa sukari ya damu bila malipo. Mwenye kiu isiyokoma, kukojoa mara kwa mara au kupungua uzito bila sababu asisubiri siku hiyo, bali afike kituo cha afya mapema.