Mwani wa Kibuyuni na Uzi Uliomo Ndani Yake

Mwani unaoanikwa Kibuyuni, kijiji cha wavuvi karibu na Shimoni katika kaunti ya Kwale, hununuliwa kwa ajili ya karajinani, aina ya sukari iliyounganika pingili kwa pingili mpaka ikawa mnyororo mrefu mno. Thamani ya mnyororo huo yote imo katika tabia moja: ndani ya maji ya moto hulegea na kutawanyika, na maji yakipoa hujisokota na kuyashika yasimwagike.

Tabia hiyo ilijulikana jikoni zamani sana. Huko Ireland watu wa pwani waliokota mwani mwekundu, wakauchemsha kwa maziwa, na maziwa yalipopoa yakaganda. Jina la karajinani limetokana na jina la Kiayalandi la mwani huo. Waswahili nao wanaye ndugu yake wa karibu katika faluda ya Ramadhani, inayogandishwa kwa agari, ambayo pia hutoka katika mwani. Mpishi huchemsha maziwa, sukari, iliki na agari, akamimina kwenye sahani na kuacha vipoe. Agari haiyeyuki mpaka maji yafike kama nyuzi joto 85, lakini ikishayeyuka haigandi mpaka joto lishuke chini ya 40 hivi. Kwa sababu hiyo kipande cha faluda hukaa imara mezani mchana wa kaskazi, wakati jeli ya mifupa na ngozi za wanyama ingekuwa imekwisha kuwa maji.

Maelezo ya sababu yalichelewa. Ni mwaka 1920 ambapo Hermann Staudinger, mwanakemia wa Kijerumani, alitoa hoja kwamba vitu kama mpira na wanga ni minyororo mirefu ya molekuli, yaani polima. Wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1969 David Rees na wenzake wa Uingereza walieleza kinachotokea katika karajinani. Joto likiwa kali, molekuli za maji husukumana kwa nguvu na kila mnyororo huenda kombo peke yake. Joto likishuka, minyororo hujiviringisha miwili miwili, kama nyuzi za usumba zinavyosokotwa kuwa kamba. Kamba hizo hukusanyika, zikafanya wavu, na maji hubaki yamenaswa ndani ya matundu yake. Kuufungua wavu huo kunahitaji joto zaidi ya lile lililotosha kuufunga, kwa kuwa kamba zilizokwisha kushikana huachana kwa shida.

Biashara yenyewe ilikua kwa msukosuko. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata agari ya Japani, viwanda vya Magharibi vikageukia karajinani. Mwani wa kuokota ukawa hautoshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilimo chake kikashika mizizi Ufilipino. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikitetea kwa bidii Afrika Mashariki, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Pwani ya kusini ya Kenya ilifuata nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walijaribu kupanda mwani Gazi, Kibuyuni na Mkwiro, wakapima ukuaji wake pamoja na ubora wa karajinani. Kilimo cha kuuza kilianza takriban miaka kumi baadaye.

Kazi hufuata bamvua. Maji yakitoka sana, wakulima, wengi wao wanawake, huingia mwambani. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hutandazwa baina yake, na vijiti vya mbegu hufungwa kimoja kimoja kwa vikamba vifupi. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, kisha huanikwa juani.

Aina mbili ndizo zinazojulikana sokoni. Kappaphycus alvarezii, au cottonii, hutoa karajinani ya kapa, ambayo ikipata potasiamu hufanya jeli ngumu inayokatika. Eucheuma denticulatum, au spinosum, hutoa ya iota, ambayo kwa kalisi hufanya jeli laini inayojirudi hata ikikorogwa. Tofauti ni salfeti: kapa ina moja kwa kila pingili mbili, iota ina mbili. Salfeti husukumana, kwa hiyo kamba za iota hazikazani sana. Cottonii hulipiwa bei kubwa zaidi.

Lakini cottonii ndiyo isiyovumilia joto baharini. Wakati wa kaskazi, maji madogo ya mwambani yanapopata moto, matawi yake hupauka, hulainika na kukatika. Wakulima wa Unguja waliipoteza kwa wingi kwa sababu hiyo. Spinosum hustahimili zaidi, nayo ndiyo iliyoenea Kwale, ingawa bei yake ni ndogo. Hapo mkulima anabanwa pande zote mbili.

Sehemu kubwa ya mavuno huuzwa ikiwa kavu, ikachemshwe katika viwanda vya mbali. Kiasi kidogo hubaki Kibuyuni, ambako wanawake hukisaga na kutengenezea sabuni.