Daraja la gitaa lililokataa kurudi mahali pake

Kama umewahi kushika gitaa la umeme lenye ule mkono wa chuma unaoning'inia karibu na nyuzi, najua ulichofanya kwanza. Uliubonyeza. Sauti ikazama kama kaseti kwenye redio ambayo betri zinaisha, ukacheka, ukaubonyeza tena. Halafu ukapiga wimbo wako wa kawaida na kitu kikawa hakiko sawa. Gitaa limetoka kwenye tuni.

Langu lilikuwa baya zaidi. Ni kopi ya bei nafuu niliyonunua mtumba nikiwa mwaka wa pili chuoni, na nyuzi za tundu la mkono zilikuwa zimelika kabisa. Nikajichanga, nikaagiza daraja jipya. Lilipofika nililiweka juu ya matundu ya skrubu kwenye mbao. Tundu la kwanza likakaa sawa, la pili likakaribia, la sita likakosa kwa karibu milimita nne. Nikadhani nimetumiwa kitu kibovu. Nikachukua rula: daraja jipya, kutoka skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, milimita 56.4. La zamani, 52.5. Ili uelewe hizo milimita nne zimetoka wapi, inabidi turudi nyuma kidogo.

Tuanze na jina, maana hata jina lenyewe lina makosa. Sauti ikipanda na kushuka kwa urefu wake, kama kidole cha mpiga fidla wa taarab kinapotetemeka juu ya uzi, hiyo inaitwa vibrato. Tremolo ni sauti kuongezeka na kupungua nguvu, noti ikibaki ileile. Mkono wa gitaa unafanya vibrato. Lakini Doc Kauffman wa California, alipopewa hataza ya kifaa chake mwaka 1932, alikiita cha tremolo. Miaka ya 1930 kifaa hicho kilifungwa kwenye magitaa ya Rickenbacker, na lilikuwepo hata toleo lenye mota ya umeme iliyotikisa nyuzi yenyewe, gitaa likawa zito mpaka likawekewa stendi. Baadaye Kauffman alishirikiana kibiashara na fundi redio mmoja wa Fullerton aitwaye Leo Fender. Fender naye, kwenye hataza yake ya 1956, aliandika tremolo. Na kwenye baadhi ya ampli zake, kule kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti akakuita vibrato! Kwa hiyo ukibishana na mtu dukani kuhusu majina haya, nyote wawili mna haki ya kuchanganyikiwa.

Kifaa cha Kauffman kilikuwa na tatizo lako na langu: hakikurudi kwenye tuni. Mpiga gitaa Merle Travis alimpelekea fundi Paul Bigsby gitaa lenye kifaa hicho ili akirekebishe. Bigsby akaishia kutengeneza cha kwake, kile chenye mkono mpana na springi moja nene, ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Kilikuwa bora, ila hakikuruhusu kubonyeza sana.

Sasa Fender. Stratocaster ilitoka mwaka 1954, na humo ndani ndimo lilimo daraja ambalo karibu kila mtu ananakili. Jaribio lake la mwanzo lilitoa sauti nyembamba, likatupwa. Alichofanya baadaye ni kuunganisha vyote: daraja na mahali nyuzi zinapofungwa vikawa kitu kimoja. Nyuzi zinapita ndani ya bonge la chuma lililo kwenye shimo la mbao, na bonge hilo linavutwa upande wa pili na springi, hadi tano, zilizofichwa mgongoni mwa gitaa. Ukingo wa mbele wa daraja unaegemea skrubu sita, kama mizani ya duka inavyoegemea kwenye ncha yake. Upande mmoja nyuzi, upande mwingine springi. Ukibonyeza, unaharibu usawa. Ukiachia, mizani inatakiwa irudi.

Hebu tupige hesabu ndogo. Kwenye seti ya kawaida kila uzi unavutwa kwa kilo 7 hadi 9 hivi, zote sita zinafika karibu kilo 46. Frikwensi ya uzi inakwenda na kipeuo cha pili cha mkazo wake, yaani kushusha noti oktava nzima lazima mkazo ubaki robo. Hiyo ni safari ndefu. Lakini sikio lililozoea linaanza kulalamika noti ikikosea hata sehemu moja ya ishirini ya nusu-toni. Kwa uzi wa kilo 8, kosa hilo ni mkazo wa gramu 50 hivi. Unaondoa kilo sita, unazirudisha, na unatakiwa usikosee kwa uzito wa yai.

Na msuguano ndio mwizi. Uzi unapolegea unateleza kidogo kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo, unalegea kwenye mizunguko yake pale kichwani, na ukikazwa tena unakwama njiani. Daraja nalo linasuguana na skrubu sita, na kama zimekazwa mno haliwezi hata kuinama. Ndiyo maana Eric Clapton aliamua kuweka kipande cha mbao nyuma ya bonge lisisogee tena. Mwingine, Eddie Van Halen, albamu ya kwanza ya bendi yake mwaka 1978 aliipiga kwa daraja la aina hii la skrubu sita, bila kifungo chochote. Sijui niite ufundi au ukaidi.

Aliyeukabili msuguano kwa akili tofauti ni Floyd Rose. Wengine walijaribu kulainisha njia ya uzi, yeye aliifunga. Ukiubana uzi kwa skrubu pale juu ya shingo na tena pale darajani, hauna pa kuteleza, basi hauwezi kukwama njiani. Hataza yake ni ya 1979. Bei yake ni kwamba uzi mmoja ukikatika jukwaani, springi zinashinda na nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote kwa pamoja. Nimeliona hilo kwenye harusi, na mpiga gitaa alimaliza wimbo akiangalia sakafu.

Na zile milimita nne? Fender alipima kwa inchi. Nafasi ya skrubu zake ilikuwa inchi 2 na 7/32, ndiyo hizo 56.4. Wakati kampuni ya CBS ilikuwa imeshainunua Fender mwaka 1965, mwanzoni mwa miaka ya 1970 bonge la chuma likabadilishwa kuwa la aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, laini na rahisi kutengeneza. Viwanda vya magitaa ya bei nafuu vikachukua zinki, lakini vingi vikachagua namba za metriki: milimita 10.5 kati ya skrubu na skrubu, mara tano, 52.5. Ile ya kwangu. Vingine vinatumia 10.8. Bonge nalo likawa fupi, kwa sababu mbao zao ni nyembamba. Daraja langu jipya lilikuwa nakala ya 1954. Gitaa langu halikuwa.

Ukitaka kubadilisha lako, pima kabla ya kulipa: skrubu ya kwanza hadi ya sita, urefu wa bonge, unene wa mbao. Mkono wa zamani usiutupe lakini usitegemee utaingia, nyuzi zake huenda ni za inchi au za metriki.

Mimi nilikwenda kwa seremala mtaani. Akaziba matundu yote sita kwa vijiti vya mninga na gundi, tukasubiri siku mbili, tukatoboa upya kwa kufuata mstari wa shingo, na shimo la nyuma akalichonga kidogo bonge lipite. Sasa linarudi, isipokuwa uzi wa tatu. Huo bado unakwama kule juu, na kwa sasa naupaka ncha ya penseli kwenye mfereji wake kila ninapobadilisha nyuzi.