Usalama wa waezekaji huanza kabla ya ngazi kuinuliwa

Kuezeka nyumba ni kazi ambayo aghalabu humalizika kwa siku chache, na ndiyo sababu baadhi ya wanakandarasi huifanya bila mpango wowote wa usalama. Ilhali paa la nyumba isiyo na ghorofa latosha kumvunja fundi uti wa mgongo au kumtoa roho.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikubali kisingizio cha kazi ya muda. Inahusu kila mahali pa kazi nchini Kenya, pawe pa muda au pa kudumu. Mwajiri anatakiwa kutathmini hatari zilizopo, kuwapa wafanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga, na kuunda kamati ya usalama iwapo ameajiri watu 20 au zaidi.

Mpango bora hupunguza kwanza kazi ya juu: mabati hupimwa na kukatwa yakiwa chini. Kisha huwekwa jukwaa imara lenye vizuizi kandokando. Mshipi wa usalama ndio kinga ya mwisho, nao haufai kitu usipofungwa mahali panapoweza kuhimili uzito wa mtu anayeanguka.

Ngazi nayo ina kipimo chake. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake hukaa mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake hupita ukingo wa paa kwa takriban mita 1. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma kwa nguvu, kazi husitishwa.

Paa kuukuu huhitaji uangalifu zaidi. Mabati ya asbesto huvunjika ghafla yakikanyagwa, na vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Ajali ikitokea, gharama ni kubwa. Kifo hupaswa kuripotiwa kwa afisa wa usalama kazini katika muda wa saa 24. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima, na inaweka fidia ya ulemavu kamili wa kudumu kuwa mapato ya miezi 96.

Kibarua naye hana budi kujua haki yake. Akiona hatari iliyo karibu kumdhuru, anapaswa kumjulisha msimamizi mara moja, na mwajiri haruhusiwi kumlazimisha kurejea juu hadi hatari hiyo iondolewe.