Uzima

Mkulima akisema mbegu ni nzima, hamaanishi tu kwamba haijatobolewa na wadudu, anasema itaota. Maabara hupima hilo kwa tetrazoliamu, kemikali inayogeuka nyekundu penye tishu inayopumua. Hata hivyo, mbegu hai yaweza kukataa kuota kwa kuwa imelala tu. Kokwa ya tende iliyofukuliwa katika ngome ya kale ya Masada, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, ilipandwa 2005 ikachipua! Swali la uzima huulizwa pia kwa mtoto njiti: je, ataweza kuishi? Wakunga huhesabu majuma ya mimba, na jibu hutegemea pia vifaa vya hospitali. Wataalamu wa bakteria nao hukutana na seli zinazopumua lakini hazizaliani maabara. Hizo ningesema zina uhai; uzima wake bado haujathibitika.